Mzee ni fundi cherehani: stenti ya moyo ipitie mkononi au kwenye kinena?

"Shikamoo daktari. Baba yetu ana miaka 67, ni fundi cherehani hapa Tanga. Ana kisukari cha siku nyingi, na figo zimeanza kusumbua kidogo. Alipimwa moyo Dar es Salaam wakakuta mshipa mmoja umebana sana, sasa amepangiwa kurudi kuwekewa stenti. Daktari amesema watapitia kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Mjomba wetu aliwekewa stenti India mwaka 2012 na yeye walipitia kwenye kinena. Anasema hiyo ndiyo njia ya uhakika kwa sababu mshipa wake ni mkubwa, na kwamba mambo ya mkononi ni kujaribiwa tu. Baba anaogopa mkono utakufa ashindwe kushika mkasi. Je, tukatae? Ipi ni salama zaidi?"

Marahaba, binti yangu, na mpe mzee pole zangu.

Najua mnasubiri jibu, kwa hiyo nianze nalo. Kwa maelezo hayo, msikatae. Mkononi ndiko hata mimi ninakoanzia kwa wagonjwa wangu wengi, wala si kujaribiwa. Ni njia iliyokwishapimwa kwa maelfu ya watu. Ila kwenye barua yako kuna neno umelipita haraka, na mimi ndilo lililonisimamisha: figo. Hilo mlizungumze na daktari wake kabla ya siku yenyewe, kwa sababu lina uzito kuliko hofu ya mkono kufa. Nitalifikia.

Kwanza tuelewane kinachofanyika. Stenti ni kimrija kidogo cha wavu wa chuma kinachouweka wazi mshipa uliobana. Kifua hakipasuliwi. Daktari anatafuta ateri, yaani mshipa unaodunda, mahali ulipo karibu na ngozi. Anapiga ganzi, anatoboa kwa sindano, anapitisha waya laini ndani ya sindano, anaitoa sindano, kisha juu ya ule waya anaingiza kijibomba kifupi cha plastiki kinachobaki pale kama mlango. Ufundi huu ni wa daktari wa Sweden, Sven-Ivar Seldinger, aliyeuchapisha mwaka 1953, na mpaka leo kila siku tunaufanya vile vile. Kupitia mlango huo inaingia katheta, mrija mwembamba wa urefu wa kama mita 1, unaosukumwa taratibu huku tukiutazama kwenye skrini ya eksirei mpaka ufike pale aota, ateri kuu ya mwili, inapoanzia, kwenye midomo ya mishipa inayoulisha moyo wenyewe. Puto dogo linaipeleka stenti palipobana, linajazwa, stenti inatanuka na kukaa, puto linatolewa.

Ateri zote za mwili ni matawi ya shina moja, aota. Ukiingilia mkononi unapanda hadi kwapani, unapita chini ya mtulinga, unateremka moyoni. Ukiingilia kinena unapanda na aota iliyolala mbele ya uti wa mgongo, unazunguka upinde wake kifuani, unateremka pale pale. Stenti ni ile ile, puto ni lile lile, na mshipa wa moyo haujui mgeni amepitia wapi. Tofauti yote iko kwenye tundu la kuingilia: kama litavuja, na likivuja, nani ataona na baada ya muda gani.

Mjomba hakukosea kuhusu ukubwa. Ateri ya paja kwa mtu mzima ina upana wa kama milimita 6 hadi 8, hata zaidi. Ile ya kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, ina milimita 2 hadi 3 tu. Kijibomba tunachokitumia sana kina upana wa nje wa kama milimita 2 na nusu, kwa hiyo mkononi kinaingia kwa kubanana, wakati pajani kinaelea. Ndiyo maana kinena kilitawala kwa muda mrefu. Andreas Gruentzig alipozibua mshipa wa moyo wa mtu kwa puto kwa mara ya kwanza, Zurich, mwezi Septemba mwaka 1977, vifaa vilikuwa vinene na vigumu, na visingeweza kupita kwenye mshipa mdogo. Madaktari wa kizazi kile walijifunza kinena, wakafundisha kinena.

Lakini ukubwa huo una gharama yake. Mgonjwa wa stenti anapewa dawa za kuzuia damu kuganda, tena za kutosha, kabla na wakati wa kazi, kwa sababu damu ikigandia ndani ya stenti mpya ni balaa. Sasa umetoboa ateri kubwa, yenye msukumo mkubwa, iliyozama chini ya mafuta ya kinena, na damu ya mgonjwa imezuiwa kuganda. Pakitobolewa mahali sahihi, nyuma yake kuna kichwa cha mfupa wa paja, unaukandamiza mshipa juu ya mfupa na damu inasimama. Pakitobolewa juu zaidi, hakuna mfupa wa kukandamizia, na damu inaweza kupanda nyuma ya tumbo, mahali pasipoonekana.

Nilipokuwa bado najifunza kazi hii nilimhudumia mama mmoja mnene, mpole sana, aliyewekewa stenti kupitia kinena asubuhi. Kazi ilienda vizuri. Alasiri akaanza kusema mgongo unamuuma. Kila aliyepita aliona ni godoro, maana alikuwa amelala chali saa tano bila kugeuka kama alivyoagizwa. Plasta ya kinena ilikuwa kavu kabisa, nyeupe. Jioni nilipomshika mkono ulikuwa baridi na una jasho, presha imeshuka, mapigo yanakimbia. Damu ilikuwa inavuja nyuma ya tumbo tangu mchana, na ile plasta nyeupe ilitudanganya sote. Alipona, baada ya chupa kadhaa za damu na usiku mmoja mrefu. Tangu siku ile, mgonjwa wa kinena akiniambia mgongo au kiuno kinauma sikubali kuambiwa ni godoro mpaka nipime presha na mapigo mwenyewe.

Mkononi hilo haliwezekani. Ateri iko juu juu, juu ya mfupa, hata wewe ukiweka vidole sasa hivi unaisikia ikidunda. Ikivuja, unaiona, na mgonjwa mwenyewe anaiona kabla ya nesi. Kidole gumba kimoja kinatosha kuizuia. Hakuna pa kujificha lita mbili za damu pale.

Njia hii nayo ina historia ambayo mjomba angependa kuisikia. Mwaka 1989 Lucien Campeau wa Montreal, Kanada, alichapisha taarifa ya wagonjwa 100 aliowapima mishipa ya moyo kupitia kifundo cha mkono. Mwaka 1992 Ferdinand Kiemeneij wa Amsterdam akaanza kuzibua mishipa kwa njia hiyo hiyo, na muda mfupi baadaye kuweka stenti. Kwa hiyo mjomba alipokwenda India mwaka 2012 mkononi palikuwa na umri wa miaka 20. Ila hospitali nyingi duniani zilikuwa bado hazijahama, na taarifa kubwa za kushawishi madaktari ndiyo kwanza zilikuwa zinatoka.

Taarifa zenyewe ni hizi. Utafiti uitwao RIVAL, wa mwaka 2011, uliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 7,021 katika nchi 32, nusu mkono, nusu kinena. Matatizo makubwa ya mshipa uliotobolewa yaliwapata watu kama 14 katika kila 1,000 wa mkononi, na 37 katika kila 1,000 wa kinena. Lakini kwa vifo, mishtuko ya moyo, viharusi na kutoka damu nyingi vikijumlishwa pamoja, njia hizo mbili hazikupishana. Mwaka 2015 ukaja MATRIX, wagonjwa 8,404 wa Ulaya waliofika hospitali wakiwa katika hali ya dharura ya moyo, na humo waliopitia mkononi walitoka damu kidogo na kufa kwa uchache zaidi. Baadaye, mwaka 2022, watafiti waliziunganisha tafiti 7 zenye wagonjwa 21,600. Ndani ya siku 30 walikuwa wamefariki kama 16 katika kila 1,000 wa mkononi, na kama 21 katika kila 1,000 wa kinena. Ni tofauti ya watu 5 katika 1,000. Ndogo kwa mtu mmoja, lakini si ndogo kwa anayefanya kazi hii mwaka mzima. Leo miongozo ya Ulaya na ya Marekani yote inaelekeza kuanzia mkononi, isipokuwa pana sababu.

Nisiwafiche upande wa pili. Faida ya kuokoa maisha imeonekana hasa kwa waliokuja katika dharura, damu yao ikiwa imejaa dawa za kuzuia kuganda. Mzee wenu anaenda kwa miadi, akitembea kwa miguu yake. Kwake yeye faida kubwa ni kutotoka damu na kuinuka kitandani mapema, na si haki nimwambie kwamba kinena kingemuua. Tena utafiti mmoja wa Kanada wa mwaka 2020, uitwao SAFARI-STEMI, haukuona tofauti ya vifo kati ya njia hizo mbili kwa wagonjwa wa shambulio kali la moyo, mikononi mwa madaktari waliozimudu zote. Na ndani ya RIVAL yenyewe, faida ya mkono ilionekana zaidi kwenye vituo vilivyokuwa vinaufanya kwa wingi. Mimi hilo nalisoma hivi: njia bora ni ile ambayo mkono wa daktari wako umeizoea, na daktari wa leo anapaswa awe ameuzoea mkono bila kukisahau kinena. Msione haya kumuuliza daktari, kwa adabu tu, "Kwa kawaida mnapitia wapi hapa, na ikishindikana mnafanyaje?" Daktari mzuri hakasiriki kwa swali hilo. Hata mimi naulizwa.

Sasa hofu ya mzee. Mkono hauli kwenye sahani moja. Kiganja kinalishwa na ateri mbili, ile ya upande wa dole gumba na nyingine upande wa kidole cha mwisho, nazo zinakutana kiganjani na kufanya upinde. Moja ikiziba, nyingine inabeba. Unaweza kumwonyesha mzee mwenyewe. Mwambie akunje ngumi kwa nguvu, wewe bana ateri zote mbili kifundoni kwa vidole gumba vyako, kisha akunjue. Kiganja kitakuwa kimepauka. Achia ule wa upande wa kidole cha mwisho peke yake, endelea kuubana wa dole gumba. Utaona wekundu unarudi kiganjani baada ya sekunde chache, kama chai inavyoingia kwenye maziwa. Hospitali tunaweza pia kumvalisha kidoleni kile kibanio cha kupimia oksijeni tukaangalia mawimbi yakirudi. Jaribio hili ni la zamani, la mwaka 1929, na siku hizi madaktari wengi hawalitumii kuamua nani apitie mkononi, kwa sababu hata ambao lilikuwa halina majibu mazuri kwao mikono yao ilibaki salama. Lakini kwa mtu mwenye hofu, kuuona mkono wake ukijilisha kwa ateri moja ni dawa.

Ateri ya mkononi huziba kweli kwa baadhi ya watu baada ya kazi, hilo ni tatizo lake la kawaida. Wengi wao hawajui hata kama imeziba, maana mkono unaendelea kama zamani. Tunalipunguza kwa kutoa hepari, dawa ya kuzuia damu kuganda, wakati wa kazi, kwa kutumia vijibomba vyembamba, na kwa namna ya kufunga baadaye. Vidole kufa kabisa ni jambo la nadra mno. Ninachokiona zaidi ni kubana kwa mshipa: ateri ndogo ikishtuka inajikaza, mgonjwa anasikia maumivu ya kuvuta mpaka kwenye bega, na katheta inagoma kwenda mbele wala kurudi. Hutokea zaidi kwa wanawake, kwa watu wenye mwili mdogo, na kwa mwenye woga. Tunaingiza dawa ya kulegeza ndani ya ateri, tunasubiri, unaachia. Kwa hiyo mzee akienda ameshatulizwa na wanawe, ametusaidia na sisi kazi. Na akisikia mkono unavuta aseme pale pale, asivumilie kiume.

Tuje kwenye figo.

Kisukari cha siku nyingi na figo zilizoanza kuchoka ni mambo yanayotembea pamoja, na miaka ijayo, Mungu apishe mbali, mgonjwa wa namna hiyo anaweza kuhitaji kusafishwa damu kwa mashine. Mashine ile inahitaji mahali pa kuchoma sindano nene mara tatu kwa wiki, na mahali pazuri kuliko pote ni fistula: daktari wa upasuaji anaunganisha ateri na vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) mkononi, mara nyingi hapo hapo kifundoni, vena inanenepa na kudumu kwa miaka. Ateri ikiwa imeziba kwa sababu ya stenti ya zamani, mlango huo umepotea. Ndiyo maana kwa mgonjwa ambaye figo zake zimeshuka sana, au ameshaanza kusafishwa damu, naweza kuamua kuacha mikono yote miwili na kupita kwenye kinena kwa makusudi, kwa kutumia ultrasaundi ili nione ninapotoboa.

Sasa angalia kitendawili cha mzee wenu. Fistula kwa kawaida huwekwa kwenye mkono ambao mtu haufanyii kazi, yaani kwake wa kushoto. Kwa hiyo ukisema "wamwokoe mkono wa mkasi, wapite kushoto", utakuwa umemchosha mkono ambao figo zinaweza kuudai kesho. Nadhani daktari wake amechagua kulia kwa sababu ya kawaida tu, maana sisi husimama upande wa kulia wa meza na mkono huo uko karibu nasi. Lakini kwa mzee huyu chaguo hilo limeangukia pema. Maoni yangu: kama figo bado zinafanya kazi kwa kiasi cha kutosha, wapite kulia, na mkono wa kushoto utunzwe. Kutunzwa maana yake si ateri tu. Hata sindano za dripu na za kutoa damu zisichomwe kwenye mshipa wa mbele ya mkono wa kushoto. Wakilazimika, wachome nyuma ya kiganja. Mzee aseme mwenyewe, na wewe useme, kila nesi anapokuja na trei, kwa sababu kwenye wodi yenye wagonjwa wengi jambo hili husahaulika.

Ipo pia njia mpya zaidi, ya kutoboa ateri hiyo hiyo mbele kidogo, kwenye kibonde kilicho chini ya dole gumba ukilinyoosha. Ateri inakuwa imetobolewa baada ya kuwa imeshagawa tawi la kwenda kiganjani, na watafiti wanatumaini kwamba hivyo kifundoni itabaki wazi. Kama daktari wake anaifanya mara kwa mara, ni jambo la kuzungumza. Kama haifanyi, asijifunzie kwa mzee.

Kuna jambo lingine dogo la figo linalouunga mkono mkono. Dawa ya rangi tunayoipiga kuonyesha mishipa inaweza kuzichosha figo, na katika wagonjwa wa MATRIX, figo ziliumia kwa wachache zaidi upande wa mkononi. Huenda ni kwa sababu walitoka damu kidogo, na huenda ni kwa sababu katheta ya mkononi haipiti kwenye aota ya tumboni, ambako ikikwangua uchafu wa ukutani unaweza kuteremkia kwenye figo. Vyovyote iwavyo, muulizeni daktari kuhusu maji ya kunywa au dripu kabla ya kazi, na kuhusu metformini kama ndiyo dawa yake ya kisukari. Asiiache wala kuiendeleza kwa kuamua mwenyewe.

Zipo sababu nyingine za kukiendea kinena, nazitaja kwa haraka: vifaa vikubwa visivyoingia kwenye ateri ya milimita 2, kama mashine za kuusaidia moyo uliochoka kusukuma, mkono ambao mapigo yake hayasikiki, mishipa ya begani iliyojikunja sana kwa wazee, hasa wafupi wenye presha ya miaka mingi. Katika RIVAL, kama 8 katika kila 100 walioanza mkononi walihamishiwa njia nyingine. Kwa hiyo mzee akitoka na plasta kinenani msidhani kuna mtu amekosea. Anyolewe na kutayarishwa kote, ikihitajika isiwe dharura.

Sasa siku yenyewe. Akimaliza, kijibomba kinatolewa na anafungwa bangili pana ya plastiki yenye kifuko cha hewa juu ya tundu. Kifuko kinajazwa kwa bomba la sindano, kisha hewa inapunguzwa kidogo kidogo mpaka kionekane kitone kimoja cha damu, halafu inaongezwa tena kidogo tu. Hapo ndipo penye siri. Bangili ikikazwa mpaka mapigo yapotee, ateri inaganda na kuziba. Ikilegezwa mno, inavuja. Nesi anayekaa pale na kupima, akitoa hewa mililita mbili, akingoja, akitoa mbili nyingine, ndiye anayeulinda mkono wa mzee kuliko hata mimi niliyetoboa. Saa chache baadaye inavuliwa, anabaki na plasta. Muda wote huo anaweza kukaa, kula, kwenda chooni kwa miguu yake.

Angepitia kinena, angelala chali saa kadhaa mguu umenyooka, pengine na mfuko wa mchanga juu ya kinena, akikandamiza plasta kila akikohoa. Na akirudi nyumbani, siku za kwanza choo cha kuchuchumaa kingekuwa taabu, kurukuu na kusujudu kungekuwa taabu, na hapa ndipo ninapotaka mzee anisikilize. Cherehani yake kama ni ya kukanyaga, inakula miguu kuliko mikono. Kinena kilichotobolewa hakipendi pedali. Kwa hiyo hata kwa kazi yake, mkono ndio utakaomrudisha dukani mapema.

Siku ya kwanza kifundo kikae kikavu. Akitia udhu apanguse juu ya plasta kwa namna atakayoelekezwa na shehe wake. Siku tatu hadi tano asiinue ndoo, asiegemee kiganja hicho anapoinuka kwenye mkeka, asipande bodaboda akijishikilia kwa mkono huo. Msipande basi la Tanga jioni ile ile. Laleni Dar usiku mmoja au miwili. Weusi wa damu iliyovilia kwenye mkono ni kawaida na utafifia kama jeraha lolote. Damu ikitoka, akae, ainue mkono, abane kwa vidole viwili dakika 10 bila kuchungulia, na isiposimama mwende hospitali huku akiendelea kubana. Mkono wa mbele ukivimba ukawa mgumu kama ubao, vidole vikawa baridi, vyeupe au vyenye ganzi isiyoisha, hiyo ni dharura, msingoje asubuhi. Mkasi mwepesi na sindano ya mkono aanze baada ya kama wiki moja akiwa hana maumivu. Kukata mlundo wa kitenge au jinzi nzito kwa mkasi mkubwa kusubiri kidogo zaidi.

Halafu vidonge. Aspirini na klopidogreli, au vile atakavyoandikiwa, ndivyo vinavyoilinda stenti. Kwa stenti ya miadi kama yake vyote viwili kwa pamoja huwa mara nyingi miezi 6, na kwa aliyepata shambulio la moyo mwaka 1, kisha kimoja kinaendelea. Nimeona stenti nzuri, iliyowekwa vizuri, ikiziba wiki ya tatu kwa sababu hela ya vidonge ilikwenda kwenye ada ya shule. Kabla hamjaondoka Tanga, watoto mketi mgawane: nani ananunua mwezi huu, nani mwezi ujao. Kama mna bima, ulizeni mapema ni vidonge gani inavilipia. Na akiambiwa ang'olewe jino, yule wa meno ajue kuhusu stenti kwanza. Mzee asiache dawa hata siku moja bila daktari wa moyo kusema.

Naomba unifanyie jambo moja. Kwenye karatasi za vipimo vyake tafuta kreatinini, na karibu yake kile kiwango cha uchujaji wa figo (huandikwa eGFR). Kama ni 60 kwenda juu, hofu yangu ya fistula ni ndogo, waendelee kama walivyopanga. Kati ya 30 na 60, wapite kulia na kushoto kutunzwe kama nilivyosema. Kama ni chini ya 30, piga simu kliniki kabla ya siku ya miadi, uombe daktari wa moyo na wa figo wazungumze kwanza juu ya mikono yote miwili. Niandikie tarakimu yenyewe, na uniambie mzee anashika mkasi kwa mkono gani, maana nimechukulia tu kwamba ni wa kulia.